Mgeni wa Bei ya Katikati

Kwenye kibanda cha tiketi pale magofu ya Gede pamebandikwa bei tatu. Ya kwanza ya Wakenya, ya mwisho ya wageni wa ng'ambo, na katikati imekaa bei yetu sisi wa Afrika Mashariki. Kijana wa tiketi aliigeuzageuza pasi yangu ya Tanzania, akanitazama, akacheka. "Mamangu, mgeni si mgeni, mwenyeji si mwenyeji. Tukuweke hapa kati." Nikalipa, nikaingia. Ilikuwa siku yangu ya nne kwenye pwani ile. Siku tatu zilizotangulia nilikuwa nimeitwa mteja, nimeitwa signora, na mahali pamoja nimedhaniwa naomba kazi. Huyu alikuwa wa kwanza kunipatia.

Mimi ni mwalimu wa historia, Tanga. Miaka 19 nimesimama mbele ya watoto nikichora mstari wa pwani kwa chaki: Sofala, Msumbiji, Kilwa, Mombasa, Malindi, kisha mshale mrefu unaokata bahari hadi Calicut. Malindi nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe, na sikuwahi kutia mguu huko. Wala si mbali kiasi cha kujitetea. Ukitoka Tanga alfajiri, ukavuka Horohoro, ukapanga foleni ya pili Lunga Lunga, ukapanda feri ya Likoni umebanwa kati ya mikokoteni na wanafunzi, jioni unaingia Malindi na vumbi la nchi mbili.

Kutoka Mombasa kwenda Malindi ni kilomita kama 120. Matatu (kwetu ni daladala, lakini daladala haina muziki wa kutikisa figo kiasi kile) ilipita mashamba ya mkonge ya Vipingo, nikajiona niko nyumbani, maana Tanga bila mkonge si Tanga. Kilifi tukapita juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 1991. Mzee aliyekaa pembeni yangu akaninyooshea kidole chini kwenye maji, pale ambapo zamani watu walisubiri kivuko mpaka chakula cha safari kikawaishia mikononi. Baada ya hapo nikalala.

Nilikwenda mwishoni mwa Novemba kwa makusudi. Msimu wa watalii hupamba moto Desemba, na mimi nilitaka kuiona Malindi kabla haijavaa. Basi nikaukuta mji mzima uko juu ya ngazi. Mafundi walikuwa wakipaka rangi kuta za majumba ambayo wenyewe hawapo, wengine wakipandisha makuti mapya juu ya mapaa, na bustani zilikuwa zikimwagiliwa maji ingawa vuli ilinyesha kila alasiri. Harufu ya rangi ilishinda ya bahari. Kwenye barabara moja tu ya ufukweni nilianza kuhesabu mageti nikachoka: kila geti askari mmoja na redio moja, na ndani kimya.

Majumba mengi ni ya Waitaliano. Hadithi yao inaanza baharini, kaskazini ya mji, kule Ngomeni, ambako Italia ilisimamisha jukwaa la kurushia roketi katika miaka ya 1960. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya husherehekea uhuru wake, ilirushwa kutoka pale setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ukiwauliza wenyeji watakwambia mafundi wa roketi walileta ndugu, ndugu wakaleta marafiki, marafiki wakaleta tambi na aiskrimu. Leo muuza maembe anakuhesabia kwa Kiitaliano bila kukwama. Dereva wa tuktuk, yaani bajaji, alinisimamia akaniita, "Ciao, signora!" Nikamjibu, "Salama, mwanangu, hujambo?" Akakanyaga breki kama ameona mbuzi barabarani.

"Ah! Shikamoo. Watoka Lamu?"

"Tanga."

"Basi bei ni nyingine." Ikashuka nusu.

Nilipoiona bahari kwa mara ya kwanza nilidhani macho yangu ndiyo mabovu. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kisa chake ni mto Sabaki, ambao huanzia nyanda za juu upande wa Nairobi ukiitwa Athi, njiani ukageuka Galana, na unapomwaga baharini, kaskazini kidogo ya mji, tayari ni Sabaki. Mvua ikinyesha bara, mto hukomba udongo wa mashamba, na upepo wa kaskazi huusukumia ghubani. Mchanga umejaa kiasi kwamba hoteli za zamani, zilizojengwa mawimbi yakigonga karibu na ngazi, sasa zina uwanja mrefu wa kutembea kabla hujalowa kisigino. Mvuvi mmoja aliyekuwa akiparaza ngalawa yake aliniona nimekunja uso. "Usiseme bahari chafu, mama," akaniambia. "Hilo ni shamba la mtu."

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Iko kwenye rasi ya mawe ya matumbawe, nyeupe, imechongoka kama kofia ya karatasi, na juu yake msalaba wa mawe ya chokaa uliotoka Lisbon. Ni fupi. Sijui kwa nini nilitarajia kitu kirefu, labda kwa sababu ya ule mshale wangu wa chaki. Basi la shule lilikuwa limefika kabla yangu na mwalimu kijana alikuwa akiwasomea wanafunzi wake yale yale ninayosoma mimi: Aprili 1498, Mombasa wakamkataa, Malindi, waliokuwa hawapatani na Mombasa, wakampokea, wakampa chakula na rubani wa kumvusha, na ilipofika Mei 20 akatia nanga karibu na Calicut. Nilimsikiliza kama mtu anayesikia sauti yake mwenyewe kwenye kaseti. Watoto walikuwa wakipiga picha.

Kuna sehemu mwalimu yule hakuifikia, kwa kuwa dereva wa basi alianza kupiga honi. Wareno walipomaliza kuitumia Malindi waliihama. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, na mtawala wa Malindi, aliyewakirimu yeye na wazee wake kwa karibu miaka 100, wakamhamishia huko awakalie kiti. Mji uliobaki nyuma ukasinyaa. Mwenyeji alimpa mgeni kila kitu, na mgeni alipoondoka akamchukua na mwenyeji mwenyewe. Nimewahi kuuliza jambo hili kwenye mtihani kwa alama 5, na nikiwa pale juu ya mawe niliona nilikuwa bahili wa alama.

Miaka 83 kabla ya da Gama, mwaka 1415, wajumbe kutoka Malindi walimfikisha twiga China, kwa mfalme mkuu wa Ming. Hebu fikiria kumpakia twiga chomboni, kumlisha, kumvusha Bahari ya Hindi nzima akiwa hai. Sikuona mnara wake popote nilipopita. Niliiona sanamu ya Mekatilili wa Menza katika bustani ya mjini, mama wa Kigiriama aliyewaapisha watu wake mwaka 1913 wasimpe Mwingereza kodi wala vijana wa kazi. Wakamfungia Kisii, akatoroka akarudi pwani kwa miguu. Mwendesha bodaboda mmoja alikuwa amelala kwenye pikipiki yake karibu naye, viatu juu ya usukani.

Nikitaka kuelewa hali ya mji huwa siendi ofisini, natafuta anakokaangwa kitu. Mtaa wa Shela, kwenye kona ya ukuta uliomenyeka lipu, nilimkuta mama mmoja na karai lake tangu saa 11 alfajiri. Alikuwa akikata donge la unga kwa kisu kisicho na mpini, vipande vya pembe tatu, akivitupa kwenye mafuta viwili viwili. Kipande kinazama, kinafikiri kidogo, kinapanda kimevimba kama shavu la mtoto. Kabla hakijatulia anakigeuza kwa ncha ya kijiti. Iliki ilitangulia kufika puani, kisha nazi. Pembeni sufuria ya mbaazi, tui jingi, nyepesi kuliko zetu. Sisi Tanga tunazikaza mpaka kijiko kisimame.

"Wataka turungi ama ya maziwa?"

Turungi ni chai ya rangi. Nikakaa kwenye benchi lake nikamuuliza kama watalii wanamnunulia. Akanitazama kama nimeuliza kama samaki wanampigia simu.

"Mimi Mtaliano simjui, mamangu. Namjua mpishi wake, dobi wake na askari wake. Hao ndio hupita hapa kabla ya zamu. Nikikanda kilo mbili, jua hoteli zimefungwa. Nikikanda kilo sita, Krismasi imekuja." Alinyamaza kutoa vipande viwili. "Mwaka 2008, baada ya fujo za uchaguzi, kilo mbili mpaka katikati ya mwaka. Mwaka wa korona nalikanda kilo moja, tukaila wenyewe."

"Na leo?"

"Leo tatu na nusu."

Nimesoma ripoti za utalii zenye kurasa mamia, na sijaona kipimo kilichonyooka kama hicho. Nilinunua mahamri manane ya kuchukua, akanifungia kwenye gazeti.

Watamu iko kusini, unakata kushoto pale Gede ukiwa unatoka Malindi. Huko bahari ni ile ya kalenda: mchanga mweupe unaolia chini ya miguu, maji ya kijani, na visiwa vidogo vya mawe vilivyoliwa na mawimbi chini vikabaki kama uyoga. Jina, wanakueleza, ni "watu tamu". Kila kijana wa ufukweni alinieleza, na kila mmoja kwa maana yake. Hawa kwetu Unguja ndio papasi. Nilitembea nao mwendo mzuri tu. Walipojua sinunui kinyago waliacha biashara, wakaanza kuniuliza maisha Dar yakoje, kama kuna kazi.

Hoteli niliyolipia, ambayo sitaitaja, ina geti kubwa la mbao za Lamu. Nilifika kwa miguu na begi langu. Askari akanisalimia kwa heshima zote, kisha akaniambia, "Wa kazi ni geti la nyuma, mama. Mahojiano yanaanza saa nane." Nikamwambia nimekuja kulala. Akadhani nina ndugu mfanyakazi. Nikamwonyesha risiti kwenye simu, akaisoma mara mbili, akabeba begi langu mwenyewe mpaka ndani akiniomba radhi njia nzima, na mimi nikimwambia si kitu. Kilikuwa kitu. Lakini sikumlaumu yeye: mtu husoma geti kama alivyofundishwa kulisoma, na mwenye jina kama langu, rangi kama yangu, haingii kwa mbele mara nyingi. Mapokezi wakanipa juisi ya ukwaju yenye mwavuli wa karatasi.

Nikiwa nashika ile juisi ndipo nilipokiona. Kwenye pembe ya ukumbi, kati ya chungu cha maua na pipa la taulo za kuogelea, kilisimama kipande kirefu cha mbao, chembamba, kichwa cha duara na mwili uliochorwa pembe tatu pembe tatu. Mtu alikuwa amekivalisha kofia ya ukindu.

Kigango ni nguzo ya marehemu. Wagiriama na jamaa zao wa Mijikenda huwachongea wazee wa chama cha Gohu, chama cha watu wazito, na kukisimika ili roho ya mzee iwe na pa kukaa. Wafu wa kawaida huwekewa kijiti kifupi, koma. Kigango kikishasimikwa hakiondolewi. Hata familia ikihama huachwa pale pale mpaka mchwa na mvua vimalize kazi yao. Katika miaka ya 1970 na 1980 viling'olewa vingi usiku, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia kwenye majumba ya makumbusho na sebule za Marekani. Viwili vilirudishwa Kenya mwaka 2007 baada ya watafiti kuvifuatilia kutoka kwenye picha ya familia iliyoibiwa.

Huenda kile cha hotelini kilikuwa cha kuchonga kwa ajili ya duka, wapo mafundi wanaotengeneza vya mapambo. Nilimuuliza binti wa mapokezi, ambaye jina lake kifuani lilikuwa la Kigiriama.

"Sijui kama ni cha kweli, mwalimu," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi sipiti karibu nacho. Nikiingia zamu huzunguka kupitia jikoni."

Kesho yake nilikodi kwa nusu siku chombo chenye kioo chini. Hifadhi ya bahari ya Watamu ni ya tangu 1968. Nahodha alizima mashine juu ya matumbawe, samaki wenye mistari wakaja wote kama wanafunzi waliosikia kengele ya chakula. Alikumbuka mwaka 1998, maji yalipopata joto la El Niño na matumbawe yakageuka meupe, "kama yamemwagiwa chokaa"; alisema aliyemfundisha kazi alilia hadharani. Alasiri nikaenda Mida, ambako mkono wa bahari umeingia ndani na mikoko imeota pande zote. Kuna njia ya mbao na kamba inayoning'inia juu ya tope, na kiingilio chake husaidia kuwasomesha sekondari watoto wa vijiji vya kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwishoni niliwaona ndege weupe wenye mabawa meusi wakipekua kaa: huzaliana kwenye fukwe za Uarabuni, kisha huja kumalizia baridi huku. Hawa hawakuulizwa geti gani. Nikala sambusa za kaa kwenye mgahawa wa wanakijiji nikarudi giza limeingia.

Halafu Gede.

Ningeweza kuandika safari nzima kuhusu Gede peke yake. Unaingia kutoka juani, na ghafla umefunikwa: miti imekaa juu ya kuta, mizizi imeshuka kwenye madirisha kama watu wanaochungulia. Mji ulio ndani ya ukuta wa nje una hekta kama 18. Kuna msikiti mkuu, kasri, visima, na nyumba zilizopewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake wakati James Kirkman alipochimba, kuanzia mwaka 1948: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Mkasi wa Hispania, taa ya Bara Hindi, bakuli la China, vyote kwenye mji ambao leo hata pwani yake haionekani. Kaburi moja lina tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399.

Mwongozaji wangu, kijana mtaratibu aliyezoea walimu, alinipeleka kwanza chooni. Alijua anachofanya. Chumba kidogo cha mawe, shimo, na pembeni yake mahali pa kutawadhia palipojengwa kwa urefu wa mkono wa mtu aliyechutama. Miaka zaidi ya 400, na bado ungejua ukae vipi. Kwenye mlango wa msikiti akanionyesha mkuki uliochongwa juu ya tao, jani pana la mkuki wa Kiafrika, mahali ambapo mtu mwingine angetarajia ua au maandishi. Nikauliza kwa nini watu waliondoka. Akanipeleka kwenye kisima, akaniambia nichungulie: waliendelea kukichimba, maji yakaendelea kushuka. Wengine wanataja vita kutoka kaskazini. Karne ya 17 ilipokwisha mji ulikuwa mtupu.

Kilichonisimamisha ni hiki. Malindi ilikaliwa na Wareno karibu karne nzima, kilomita kama 16 kutoka hapa. Waliandika kila kitu, hata bei ya kuku. Kuhusu Gede, mji wa mawe wenye mifereji na kauri za China, hawakuacha hata mstari mmoja. Jina lenyewe wanahistoria wanasema ni neno la Kioromo lenye maana ya kitu cha thamani, la wachungaji waliopita baadaye. Wenyeji wake waliuita nini, wamekwenda nalo. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia. Nilisimama kwenye ua wa kasri nikajaribu kufikiri kama watu wa hapa walijificha kwa mgeni yule au hawakumwona wa maana, na kabla sijafika popote kima alishuka mtini, akachana gazeti mkononi mwangu na kuondoka na mahamri mawili ya mwisho ya mama wa Shela. Alikaa juu ya ukuta wa karne ya 15 akayala taratibu, akinitazama.

"Huyo ndiye mwenye mji," kijana akasema. "Na kwenu Tanga, mwalimu, hakuna magofu?"

"Yapo. Tongoni."

"Yakoje?"

Nilifungua mdomo nikakuta kitabu. Najua kuna msikiti na makaburi ya nguzo. Najua kwamba mwaka 1499, akirudi kutoka India, da Gama alipita tena Malindi, mabaharia wengi wamekwisha kwa kiseyeye, na siku chache baadaye akaichoma moto moja ya meli zake, São Rafael, mbele ya Mtangata, ambako ndiko huko Tongoni, kwa kukosa watu wa kuiendesha. Mshale wangu wa chaki ulikuwa na mkia uliopita mlangoni kwetu, na sijawahi kuuchora. Neno lenyewe la kwetu, tongo, ni mahame, mahali palipokuwa na watu. Kutoka nyumbani kwangu hakufiki kilomita 20.

"Sijawahi kufika," nikamwambia.

Alicheka mpaka kima akahama ukuta. "Basi nenda, mwalimu. Huko utalipa bei ya kwanza."

Jumamosi ya pili baada ya kurudi nilisimamisha bajaji barabara ya Pangani, nikamwambia dereva Tongoni, kwenye magofu. Akazima mashine, akanitazama nguo kama anatafuta kanga nyeusi.

"Kuna msiba, mama?"

"Hapana."

"Sasa unaenda kufanya nini huko?"

Nikaingia, nikamwambia awashe.